Pengo la miaka ya 1870: mchoro wa nyaraka katika maktaba ya kidijitali ya Pemba

Maktaba ya kidijitali yenye makao yake Chake Chake ina rekodi 5,200. Mna barua za biashara ya karafuu, hati za wakfu na za mauziano ya mashamba, picha, madaftari ya skuli na vitabu vya dini vilivyonakiliwa kwa mkono. Vyote vimeskaniwa, vimewekwa kwenye DSpace, programu ya kuendeshea maktaba za kidijitali, na kuelezwa kwa metadata, yaani maelezo ya kila rekodi, ya muundo wa Dublin Core. Msomaji anayefungua ukurasa wa mwanzo anakuta kisanduku cha kutafutia, basi. Akiandika "karafuu" yanamjia majibu 1,900. Akiandika "mikarafuu" yanamjia 40. Hajui maktaba ina nini, kwa hiyo hajui aulize nini. Ndipo ukaja uamuzi wa kutanguliza michoro mitatu: wa miaka, wa lugha na wa mahali.

Kisa hiki kimeundwa kwa ajili ya mafunzo ya wakutubi na watunza nyaraka. Idadi za rekodi ni za mfano, zimepangwa ili hesabu ifuatike. Hitilafu zenyewe ni zile zinazomkuta yeyote anayechora mkusanyo wa nyaraka za visiwa hivi, na tarehe za kalenda ni za kweli.

Mchoro wa kwanza na maelezo yaliyokuwa tayari

Chati ya nguzo ya miaka ilitoka na mambo matatu ya kushangaza. Mhimili wake ulianzia 1250 ukaishia 2019, hivyo karne ya 19 na ya 20 zikabanwa pembeni kulia. Nguzo ya mwaka 1900 ilipanda juu ya zote: nyaraka 498 kwa mwaka mmoja. Na miaka ya 1870 ilikuwa na pengo, nyaraka 71 kwa muongo mzima, ilhali muongo uliotangulia una 118 na uliofuata una 204.

La pengo lilipata maelezo kabla data haijaguswa: kimbunga cha Aprili 1872. Kila anayesoma historia ya Zanzibar anakijua. Kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, biashara ikayumba, na biashara ikiyumba barua hupungua. Maelezo yanakaa vizuri, na ndiyo maana ni ya hatari. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa na kimbunga kile, na baada yake ndiyo ikawa tegemeo la zao la karafuu. Nyaraka za Pemba zilitakiwa ziongezeke, zisipungue. Mtu akishapata hadithi inayolingana na mchoro huacha kukagua mchoro, na kwenye maktaba ya kidijitali hapo ndipo pa kusimama kwanza. Mchoro huchora kilichoandikwa kwenye katalogi. Kama katalogi imekosea tarehe, mchoro utakosea kwa rangi nzuri.

Kilichokuwamo kwenye sehemu ya tarehe

Metadata ilitolewa kama faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, na kufunguliwa kwenye OpenRefine, programu ya kusafishia data. Kwa kazi hii Excel haifai. Kalenda ya Excel kwenye Windows inaanzia tarehe 1 Januari 1900. Tarehe iliyo kabla ya hapo hubaki maandishi tu, na ya baadaye hugeuzwa kuwa namba. Ukizipanga, unapata makundi mawili yasiyojuana. Kwa mkusanyo ambao nusu yake ni wa karne ya 19, faili linaharibika kwa kulifungua na kulihifadhi tu.

Rekodi 2,860 zilikuwa na mwaka wa Miladi. Rekodi 940 zilikuwa na mwaka wa Hijria. Nyengine 780 zilikuwa za makadirio, kama "c. 1900", "miaka ya 1920" au "karne ya 20". Zilizobaki 620 hazikuwa na tarehe kabisa.

Tuanze na zile 940, maana ndizo zilizotengeneza pengo. Kati yake, 610 ziliandikwa na alama ya Hijria, kwa mfano "1290 H". Programu ya kuchora haikuielewa hiyo H, ikaziruka bila kutoa onyo lolote. Rekodi 330 ziliandikwa "1290" bila alama, zikasomwa kuwa Miladi na kuchorwa karne sita nyuma. Huko ndiko mhimili ulikopata ile 1250 yake. Kwa maktaba ya Zanzibar hili si jambo la pembeni. Mkusanyo wa hati na vitabu vya Kiarabu wa Nyaraka za Taifa Zanzibar umo kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO tangu 2003. Anayechora nyaraka za hapa bila kushughulikia Hijria anaacha nje sehemu kubwa ya maandishi yetu wenyewe.

Kugeuza mwaka kunahitaji uangalifu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo haulingani na mwaka mmoja wa Miladi. Mwaka 1290 ulianza tarehe 1 Machi 1873 na kwisha 17 Februari 1874. Mkutubi akiandika "1873" tu amepoteza wiki saba za mwisho. Na 1297 ulianza 15 Desemba 1879. Karibu wote umo ndani ya 1880, ila kwa kuangalia mwanzo wake ungeuweka kwenye muongo usio wake. Kama mwezi haujulikani, tumia katikati ya mwaka kupanga muongo.

Programu nyingi za kugeuza kalenda hutumia jedwali la Ummul Qura, kalenda rasmi ya Saudia, na majedwali hayo huanzia karne ya 14 Hijria. Ukiipa 1290 inaweza kukataa. Chagua kalenda ya jedwali la kiraia, inayokwenda kwa hesabu tupu, na ukubali kwamba tarehe inaweza kuhitilafiana siku moja au mbili na mwandamo wa mwezi ulioonekana Pemba mwaka ule.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye majina ya miezi. Mwandishi wa barua wa Kipemba hakuandika Dhulhija. Aliandika Mfunguo Tatu. Mwingizaji data asiyezoea hesabu hii huona "Mfunguo Tatu 1290" akaweka mwezi wa tatu. Mifunguo inahesabiwa kutoka Ramadhani: Mfunguo Mosi ni Shawwali, Mfunguo Pili ni Dhulkaada, Mfunguo Tatu ni Dhulhija, na mwaka unageuka kwenye Mfunguo Nne, ambayo ni Muharramu. Kwa hiyo Mfunguo Tatu 1290 ni kati ya 20 Januari na 17 Februari 1874. Ukiifanya mwezi wa tatu, yaani Rabiul-Awwal, umeipeleka kati ya 29 Aprili na 28 Mei 1873. Barua inarudi nyuma miezi tisa, na kama inazungumzia mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 wa kufunga soko la watumwa, itaonekana imeandikwa kabla mkataba haujatiwa saini.

Marekebisho yalifanywa kwa safuwima nne badala ya moja: tarehe kama ilivyoandikwa kwenye hati, siku ya mwanzo, siku ya mwisho, na kiwango cha uhakika. "Rajabu 1290" inabaki "Rajabu 1290" kwenye safuwima ya kwanza na haiguswi milele. Pembeni yake inaandikwa 1873-08-25 na 1873-09-23. Kiwango cha uhakika kina maneno manne tu: kamili, mwaka, muongo, karne. Muundo wa EDTF wa kuandika tarehe zisizo kamili, uliomo kwenye kiwango cha ISO 8601-2 cha 2019, unakubali kuandika masafa ya namna hii, na hata 187X kwa muongo na 18XX kwa karne, kwa hiyo hakuna haja ya kubuni alama mpya. Watu wawili wanaosoma hati ya Kiarabu, kwa kasi ya hati 30 kwa saa kwa mtu mmoja, humaliza zile 940 kwa kama saa 16 kila mmoja. Kuchora chati yenyewe ni kazi ya siku moja.

Nguzo ya 1900 ilikuwa na asili nyengine. Nyaraka 38 tu ndizo za mwaka huo kweli. Nyengine 460 zilikuwa "c. 1900" au "karne ya 20", na programu iliyolazimishwa kuweka mwaka mmoja ikaziweka zote 1900. Zile 170 za "c. 1900" zilipewa masafa ya 1895 hadi 1905 na kugawanywa katika miongo miwili. Zile 290 za "karne ya 20" hazina muongo wowote wa kuwekwa, na kuzilazimisha ni kutunga. Zikapewa nguzo yao pembeni. Hitilafu ndogo ya mwisho: rekodi 45 zilikuwa na 2019, mwaka wa kuskaniwa. Zikahamishiwa kwenye zisizo na tarehe, jumla zikawa 665.

Pengo lilipoziba

Baada ya kugeuza Hijria, miaka ya 1870 ilipata nyaraka 268 zaidi, jumla 339. Pengo likawa kilima, na kimbunga hakikuwa na la kueleza tena.

Hapa ndipo wengi husimama, wakabadilisha hadithi: sasa watasema kilima ni ushahidi wa neema ya karafuu Pemba baada ya 1872. Huenda biashara ilikua, lakini mchoro huu hauthibitishi hilo. Kati ya zile 268, barua 190 zilitoka kwenye kasha moja la familia moja, zote za 1287 hadi 1296. Ukiliondoa kasha hilo, miaka ya 1870 inabaki na nyaraka 149, chini ya miaka ya 1880. Kilima ni cha mtu aliyehifadhi barua zake na wajukuu waliokubali ziskaniwe. Kwa sababu hiyo chati ilipewa kitufe cha kugawa kila nguzo kwa asili ya mkusanyo, na tunashauri kila maktaba iweke kitufe hicho kabla ya mapambo mengine yote. Kichwa cha chati nacho kilibadilishwa kutoka "Pemba katika miaka" kuwa "Idadi ya nyaraka tulizonazo kwa kila muongo".

Nguzo zilichorwa kwa muongo, wala si kwa mwaka, kwa kuwa uhakika wa tarehe nyingi hauzidi hapo. Sehemu iliyokoza ni ya tarehe za uhakika wa mwaka au zaidi, iliyofifia ni ya makadirio. Kulia, baada ya nafasi, zinasimama nguzo mbili: "karne tu" na "hazina tarehe". Wapo wanaotaka kuzificha hizi kwa kuwa zinatia aibu. Zisifichwe. Rekodi 665 ni zaidi ya moja kati ya kila nane, na msomaji aliyeona nguzo zenye miaka peke yake atadhani ameona maktaba nzima.

Lugha: salamu zinazodanganya

Chati ya pili ilionyesha rekodi 1,310 za Kiarabu. Sampuli ya hati 100 ilichukuliwa na kusomwa na mtu anayejua lugha zote mbili. 31 zilikuwa za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Ikabidi zisomwe zote, zikapatikana 390.

Chanzo ni namna barua zetu za zamani zilivyoandikwa. Zinaanza kwa salamu za Kiarabu zilizopangika, mstari wa kwanza hadi wa tatu au wa nne, kisha baada ya dua na kutaja hali, mwandishi anaingia kwenye Kiswahili: bei ya frasila, mtumbwi uliochelewa, mgonjwa aliyeko nyumbani. Mwingizaji data aliyesoma mstari wa juu akaandika "Kiarabu" hakuwa mzembe, aliishia kwenye salamu tu. Kanuni ya kazi iwe kusoma mstari wa tano na kuendelea. Herufi za nukta tatu kama پ na چ husaidia kutambua Kiswahili, lakini waandishi wengi hawakuzitumia, hivyo kukosekana kwake hakuthibitishi kitu.

Kwenye metadata, lugha na hati, yaani aina ya herufi, zitenganishwe: sw-Arab kwa Kiswahili cha hati ya Kiarabu, sw-Latn kwa cha hati ya Kirumi, ar kwa Kiarabu. Chati ilichorwa kwa nguzo za kulala, chati ya duara ikakataliwa. William Cleveland na Robert McGill walionyesha mwaka 1984 kwamba jicho hulinganisha urefu unaoanzia mstari mmoja kwa usahihi zaidi kuliko pembe au eneo, na hapa tofauti ya 920 na 1,310 ndiyo habari yenyewe.

Lilikuwapo pia wazo la wingu la maneno kutokana na maelezo ya rekodi. Lilijaribiwa likaachwa. "Ya", "wa", "na" na "kwa" zilijaa kioo kizima, kwa sababu orodha ya maneno ya kuachwa iliyokuja na programu ni ya Kiingereza. Zilipoondolewa, likaja tatizo lisilo na dawa nyepesi: shamba, mashamba na shambani huhesabiwa maneno matatu, karafuu na mikarafuu mawili. Neno lililo muhimu kuliko yote hugawanyika vipande vidogo likapotea.

Mahali

Jina la mji mmoja liliandikwa kwa namna tano: Chake Chake, Chake-Chake, Chakechake, Chake, na Chaki Chaki ya makaratasi ya kikoloni. OpenRefine ina njia ya kukusanya majina yanayofanana, lakini ujue kila njia inafanya nini. Njia ya "fingerprint" huondoa alama, hukata kwenye nafasi na kufuta maneno yaliyorudiwa. Kwa hiyo "Chake Chake" inakuwa "chake" na kuungana na "Chake", ilhali "Chake-Chake" inakuwa "chakechake" na kwenda kundi jengine. Njia ya "n-gram" yenye herufi mbili huziunganisha zile tatu za mwanzo, ikaiacha "Chake". Tumia zote mbili kwa zamu. "Chaki Chaki", na "Weti" iliyoandikwa badala ya Wete, zinahitaji kupimwa kwa umbali wa herufi, yaani idadi ya herufi zinazotofautiana, na kila muungano ukubaliwe na mtu anayekijua kisiwa.

Majina mengine hayasafishiki kwa mashine. Chwaka ipo Unguja, na ipo Chwaka ya Pemba karibu na Tumbe. Programu ya kuvuta majina ya mahali kutoka kwenye maelezo iliona "mkoani Tanga" ikaweka nukta Mkoani, Pemba. Iliona "mashamba na vitongoji" ikaweka nukta Vitongoji, mashariki ya Chake. Na rekodi 1,150 zilisema "Zanzibar" tu. Ramani ikazirundika zote kwenye nukta moja Mjini Unguja, duara kubwa kuliko mengine yote, wakati katika nyingi ya barua hizo neno hilo lilimaanisha visiwa vyote. Duara hilo lilifutwa, rekodi zikawekwa kwenye kisanduku pembeni mwa ramani: "Zanzibar, mahali hapajatajwa".

Makosa ya namba hujitambulisha yenyewe ukijua pa kutazama. Chake Chake ni latitudo -5.25, longitudo 39.77. Ukisahau alama ya kutoa, nukta inaangukia kusini mwa Uhabeshi. Ukigeuza mpangilio, inaangukia Hispania. Ukiacha wazi na programu ikaweka sifuri mbili, iko baharini kwenye Ghuba ya Gine. Kagua kila nukta isiyokuwa kati ya -6.6 na -4.8 kwa latitudo na 39.1 na 39.95 kwa longitudo, ukiacha Mombasa, Maskati, Bombay na kwengineko ambako barua zilitoka kwa haki.

Ramani pia iseme inachora mahali pa nini. Barua iliyoandikwa Mombasa kuhusu shamba la Wete na kuhifadhiwa Chake ina mahali patatu. Hapa ilichaguliwa mahali panapozungumziwa.

Jambo moja tunalisisitiza kuliko usahihi wote wa namba. Hati za mauziano na wakfu zina mipaka ya mashamba na majina ya wenyewe. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa na kugawiwa kwa eka tatu, na familia zinazolima leo si lazima ziwe zile zilizomo kwenye hati. Ramani inayoonyesha kiwanja kwa kiwanja inaweza kufungua mgogoro wa kweli kati ya watu wa kweli. Nukta ziishie kwenye shehia, na kwa hati za ardhi ziishie kwenye wilaya. Msomaji mwenye haja ya zaidi aje aombe hati yenyewe.

Simu na bando

Wasomaji wengi watafungua kwa simu. Ben Shneiderman alipanga mwaka 1996 mwendo ambao bado unafaa: muhtasari kwanza, kisha kukaribia na kuchuja, halafu undani mtu akiuhitaji. Mwendo huo ni wa uchumi wa bando pia. Usitume rekodi 5,200 kwenye simu ili zihesabiwe huko. Zihesabu kwenye seva usiku, utume jumla. Miongo 20, lugha tano na aina nne ni visanduku 400 kwa wingi wake, faili la kilobaiti chache. Leaflet, programu ya kuonyeshea ramani, yenyewe ina kama kilobaiti 42. Kinachokula bando ni vigae vya picha za ramani chini yake. Kwa visiwa viwili, mchoro mwepesi wa mistari (SVG) wa ukingo wa pwani unatosha. Nguzo na nukta ziwe na upana wa kuguswa wa pikseli 44, na maelezo yafunguke kwa kugusa, maana simu haina kipanya cha kupitisha juu.

Majaribio, na kazi ya kila mwezi

Wasomaji sita walipewa kazi tatu bila maelekezo: kutafuta barua ya Kiswahili ya kabla ya 1880, kusema ni muongo gani wenye nyaraka nyingi na kwa nini, kutafuta kitu cha Micheweni. Ya kwanza walifaulu wote. Kwenye ya pili wanne waliendelea kusema "kulitokea mambo mengi". Kubadilisha kichwa hakukutosha. Sentensi moja ikawekwa juu ya nguzo iliyoguswa: "Nyaraka 339, 190 kati yake zimetoka kwenye kasha moja." Waliojaribu baadaye walianza kuuliza habari za kasha.

Kila mwezi faili hutolewa upya na kupitishwa kwenye ukaguzi: mwaka ulio chini ya 1400 bila alama ya kalenda unakataliwa, "Mfunguo" bila tafsiri ya mwezi unakataliwa, nukta nje ya mipaka inarudishwa kwa mkutubi. Nguzo ya "hazina tarehe" inafunguka kama nyengine, na kila rekodi iliyomo ina fomu fupi ya kupendekeza: tarehe, umeijuaje, na namna ya kukupata. Pendekezo haliingii kwenye katalogi moja kwa moja. Mkutubi anaikagua hati, na likikubalika, kiwango cha uhakika kinaandikwa "muongo" hadi ushahidi mwengine upatikane.